Somo la Kiingereza la mwaka wa kwanza: namna wanafunzi wanavyoweza kulibadilisha muhula ukiwa bado unaendelea

Nilikuwa CR, yaani mwakilishi wa darasa, mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Dar. Ukumbi wetu ulikuwa na watu zaidi ya mia tatu na spika moja iliyokuwa ikikoroma kuliko kusema. Wiki ya tatu mada ilikuwa stadi za kusikiliza. Waliokaa nyuma hawakusikia chochote.

Muhula ule tuliandika barua ya malalamiko. Kurasa mbili, Kiingereza cha kujikakamua, sahihi zaidi ya mia. Mkuu wa idara aliisoma mbele yetu, akatushukuru kwa moyo wa kujituma, akaiweka kwenye faili. Mpaka tunafanya mtihani haikubadilika hata koma. Muhula wa pili, kwenye sehemu ya pili ya somo lilelile, tulikwenda watu watatu kwa mwalimu mwenyewe na karatasi tatu. Mambo mawili yakabadilika kabla wiki haijaisha. Hapa naandika tulichofanya safari ya pili, na makosa ya safari ya kwanza nitayataja yanapohusika, maana ndiyo yaliyotufundisha.

Somo ninalolisema lina majina mengi. Vyuo vingi huliita Stadi za Mawasiliano, kwingine ni Kiingereza cha msingi, kwingine ni kozi ya maandalizi kwa wanaotoka cheti kwenda diploma. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamekuwa na kitengo cha stadi za mawasiliano tangu miaka ya 1970, kwa hiyo tatizo ni la zamani kuliko wengi wetu. Kazi yake ni moja: kumsaidia mwanafunzi ambaye Kiingereza chake hakijafika mahali masomo mengine yanapomtaka awe. Wanafunzi wengi hulichukulia kama somo la kupita tu, ili usipate sapu, yaani kurudia mtihani.

Kabla ya kuanza, jikumbushe hili ili usiende kwa mwalimu na hasira isiyomhusu. Wengi wetu tulisoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza kila kitu kikageuka Kiingereza. Tume ya elimu ya Makwetta, iliyoundwa na serikali, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande mpaka sekondari, pendekezo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliandika ripoti iliyosema wazi kwamba Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari kilikuwa chini mno kusomea masomo mengine. Kukwama kwako si uzembe peke yake. Na si mwalimu wako wa Stadi za Mawasiliano aliyepanga iwe hivyo.

Hatua ya kwanza: pata muhtasari wa kozi kabla hujaita mkutano

Omba ule muhtasari unaogawiwa wiki ya kwanza, ambao wengi huupiga picha na kuusahau kwenye simu. Usome wote. Tafuta mambo matatu: kazi za muhula zina uzito gani ukilinganisha na mtihani wa mwisho (vyuo vingi ni 40 kwa 60), kazi za kuandika ni ngapi, na mada gani imepangwa wiki gani.

Halafu tenganisha anachoweza kubadilisha mwalimu na asichoweza. Vyuo vya kati viko chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na moduli zake zina matokeo ya kujifunza yaliyokwisha kuidhinishwa. Vyuo vikuu vina seneti zao, na juu yake TCU, tume ya vyuo vikuu. Mwalimu hawezi kuamka Jumatatu akafuta mada au akabadilisha uzito wa alama. Lakini matini ya kusoma ni yake. Mifano ni yake. Aina ya asaimenti, namna ya kusahihisha, mpangilio wa vikundi vya semina, hayo yote ni yake. Barua yetu ya kwanza iliomba saa za somo ziongezwe na mtihani upunguziwe alama, yaani vitu viwili ambavyo mwalimu hakuwa na uwezo navyo hata angetaka. Alichoweza kufanya tukasahau kukiomba.

Hatua ya pili: uliza kwa Kiswahili, uliza mmoja mmoja

Mara ya kwanza niliitisha mkutano wa darasa. Walizungumza watu sita. Wote sita walisoma shule za mchepuo wa Kiingereza, wote wakasema somo linachosha kwa sababu linarudia vitu wanavyovijua, wakapendekeza midahalo. Nikaandika: maoni ya darasa ni midahalo. Wale wengine mia tatu kasoro walikuwa kimya, na mimi nikachukulia kimya chao kuwa ndiyo. Fikiria: mkutano kuhusu watu wanaoshindwa kujieleza kwa Kiingereza, nimeuendesha nusu yake kwa Kiingereza, kwa sababu nilikuwa CR na nilitaka nionekane.

Muhula wa pili nikaacha mikutano. Tulikaa jioni kwenye vimbweta, yale mabenchi ya zege ya kusomea nje, wakati watu wamemaliza diskasheni na hawajaenda kula, tukamuuliza mtu mmoja baada ya mwingine, kwa Kiswahili, kama tunapiga stori. Mtu wa Dar ukimuuliza "somo unalionaje?" atakujibu "liko poa tu, tunashukuru." Hapo hujapata kitu. Muulize mahali alipokwama. Maswali yetu yalikuwa haya:

Mara ya mwisho ulikwama kwenye somo lolote kwa sababu ya Kiingereza ilikuwa lini, na ilikuwaje?

Kuna swali la mtihani au la tesiti ulilielewa ndivyo sivyo? Lipi?

Asaimenti iliporudi imesahihishwa, uliifanyia nini?

Kuna kitu chochote ulichofundishwa kwenye somo hili ukakitumia kwenye somo jingine?

Swali la nne ndilo linalotoa picha ya somo zima kwa sekunde tano, kwa hiyo usilikose.

Watu ishirini wanatosha, mradi usichague marafiki zako. Pata waliotoka shule za kata na waliotoka mchepuo wa Kiingereza, pata yule mtu mzima aliyerudi shule baada ya miaka kumi kazini, pata aliyeanzia cheti, pata anayekaa nyuma kila siku. Andika maneno yao kama walivyoyasema. Usiyasafishe.

Nitakupa moja. Mwenzetu mmoja wa uhasibu alikutana na swali kwenye tesiti ya ujasiriamali lililoanza na "Account for", likiuliza kuhusu kukua kwa biashara ndogondogo Kariakoo. Yeye akaona "account", akachora jedwali la debiti na krediti, akaanza kujaza mtaji na mapato ya duka la kufikirika. Alipata mbili kati ya kumi na tano. Huyu ni binti aliyekulia mitaa ya Gerezani hapa Dar, mama yake anauza vitenge Kariakoo, sababu za biashara zile kukua angeweza kukusimulia mpaka daladala ya mwisho iondoke. Swali lilimtaka aeleze sababu tu. Alipotuhadithia alikuwa anacheka, na sisi tukacheka naye, kisha kila mtu akatazama pembeni.

Mfano huo mmoja ulitufanyia kazi kuliko sahihi zote mia za barua ya kwanza. Na ukiuliza vizuri, darasa lako lina mifano kumi ya namna hiyo. Maneno yanayoanza maswali ya mtihani, kama "justify", "examine", "distinguish", ndiyo yanayowaangusha watu wanaojua majibu.

Hatua ya tatu: kipimo cha ukurasa mmoja

Hiki kinahitaji kalamu na dakika kumi na tano tu. Chukua ukurasa mmoja wa kitini cha somo kuu la kozi yenu, si cha somo la Kiingereza. Hesabu maneno yafike 300, weka alama hapo. Toa kopi steshenari, wape watu kumi. Kila mmoja asome bila kamusi wala simu, apige mstari chini ya kila neno ambalo hana uhakika nalo.

Halafu hesabu mistari. Watafiti wa usomaji wamekuwa wakisema kwamba mtu akisoma mwenyewe bila msaada, anahitaji kujua karibu asilimia 98 ya maneno ili aelewe bila taabu, na akishuka chini ya asilimia 95 anaanza kubahatisha. Kwa maneno 300, hiyo ni mistari 6 kwa kiwango cha kwanza na 15 kwa cha pili. Nilipojipima mwenyewe nilipata 23, na mimi ndiye niliyekuwa najiona bingwa wa kimombo pale kwenye vimbweta.

Usiishie kwenye idadi. Tazama ni maneno gani yamepigiwa mstari. Tulitegemea yatakuwa ya kitaaluma, ya uhasibu wenyewe. Wapi. Hayo mwalimu wa somo huyaeleza, na kila mtu anajua akiulizwa "depreciation" ni kitu gani. Yaliyopigiwa mstari yalikuwa yale ya katikati, yasiyo ya fani yoyote na yaliyojaa kila ukurasa: "whereas", "subsequent", "derive", "constrain". Hakuna mwalimu anayeyafundisha, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake ameshayafundisha.

Kuna orodha maarufu ya maneno ya aina hiyo iliyotolewa na mtaalamu wa lugha Averil Coxhead mwaka 2000, ina familia 570 za maneno (neno pamoja na yanayotokana nalo), na inapatikana bure. Kwa muhula wa wiki 15 ni familia 38 kwa wiki. Wengine watakushauri muombe mwalimu aifundishe yote. Mimi sishauri, kwa sababu sisi na kukariri tunajuana. Mtu atakariri maneno 38 Jumapili usiku, apate 30 kwenye kwizi, Jumatano hayapo. Ni bora orodha itokane na vitini vyenu vyenyewe, ile ya Coxhead ikae pembeni ya kulinganishia.

Hatua ya nne: kusanya karatasi zilizosahihishwa

Omba wenzako watano asaimenti zao za Kiingereza zilizokwisha kurudi. Omba ruhusa kwanza, funika jina na namba ya usajili, toa kopi. Aliyepata alama ndogo ana haya, usimlazimishe. Mtu mwenye 18 kati ya 20 naye muombe, karatasi yake ina funzo.

Soma wino mwekundu. Kila alama iweke kwenye moja ya makundi mawili: inayomwambia mwanafunzi afanye nini, na isiyomwambia. Kwenye zetu tano lilikuwepo neno "Grammar!" limeandikwa ubavuni mara nyingi, lina alama ya mshangao, basi. Karatasi moja ilikuwa na duara jekundu kubwa kuzunguka aya nzima. Mwenye karatasi aliniambia aliitazama ile duara mpaka akaamua kwamba pengine aya imependwa.

Hapa usimcheke mwalimu. Ana karatasi mia tatu. Unachotafuta ni makosa yanayojirudia, na kwa wasemaji wa Kiswahili mengi yana mzizi unaojulikana. Kiswahili hakina "a" wala "the", kwa hiyo mtu anayaacha yote au anayamwaga kama chumvi. Kiswahili kinasema "alisema" kwa baba na kwa mama, ndiyo maana unakuta "my mother he said" kwenye karatasi ya mtu mwenye akili timamu kabisa. Makosa kama haya yakielezwa kwa kulinganisha lugha mbili, dakika kumi tu, watu wanashika, kwa sababu wanaona walikotokea. Yakizungushiwa duara hawashiki. Tuliyaandika makosa matano yaliyojirudia kwenye nusu ukurasa, kila moja na mfano wake mmoja.

Hatua ya tano: chekecha, na lenu litajeni

Sasa una rundo la malalamiko. Liweke mafungu matatu: ya mwalimu, ya idara au chuo, na ya kwenu wenyewe.

La chuo lilikuwa spika na idadi ya watu ukumbini. Lipeleke serikali ya wanafunzi na usilichanganye na mengine, maana likiingia kwenye barua ya mwalimu litameza yote. Atasema "kweli kabisa, hata mimi linanisumbua", mtaongea spika nusu saa, muda umekwisha.

Fungu la kwetu lilituuma. Asaimenti ya kikundi ilikuwa ya watu kumi: mmoja anaandika, mwingine anachangia hela ya kuprinti, wanane wanatuma majina WhatsApp. Anayeandika ni yuleyule wa mchepuo wa Kiingereza, ambaye hahitaji mazoezi. Wengine wanalipa mtu nje ya geti. Siku hizi wengine wanaipa programu ya akili bandia iandike, wanakabidhi bila hata kuisoma, na mwalimu anajua, kwa sababu aliyeshindwa kuandika sentensi mbili darasani Jumanne hawezi kuleta kurasa nne zisizo na doa Ijumaa. Usilifiche fungu hili. Lile neno moja, "na sisi tumekuwa tukifanya hivi, tumekubaliana tuache", ndilo lililomfanya mwalimu wetu avue miwani na kutusikiliza.

Hatua ya sita: chagua ombi, upige hesabu ya muda wa mwalimu

Hapa ndipo maoni mengi ya wanafunzi hufia. Tunasema "tunaomba tupewe mazoezi mengi ya kuandika na yasahihishwe." Mwalimu akisikia hivyo anapiga hesabu kichwani na jibu lake ni hapana hata kama mdomo unasema ataangalia. Pigeni hiyo hesabu nyinyi kwanza. Nusu ukurasa ukisomwa kwa dakika 4, watu 300 ni dakika 1,200, sawa na saa 20. Hakuna binadamu atakayekupa saa 20 kila wiki, naye ana kozi nyingine mbili na pengine anasoma shahada yake ya uzamivu.

Geuza ombi. Kila mtu aandike nusu ukurasa kwa wiki, lakini mwalimu asome 30 tu, kwa zamu. Ni saa mbili. Kwa wiki 10 amemsoma kila mtu mara moja. Wale wengine 270 wabadilishane karatasi wawiliwawili wakitumia ile orodha ya makosa matano, na mwanzoni mwa kipindi mwalimu atumie dakika kumi kuonyesha ubaoni alichokiona kwenye zile 30. Ombi la namna hii mwalimu hana pa kulikatalia, kwa sababu umeshamfanyia kazi yake ngumu.

La pili tulilopata: matini. Asaimenti ya kwanza ya muhula ilituambia tuandike kuhusu siku tusiyoisahau. Tuliomba ile inayofuata iwe kujibu swali la mtihani uliopita wa somo letu kuu, aya mbili, na isahihishwe Kiingereza tu, yaliyomo yasiguswe. Mwalimu akauliza kwa nini yaliyomo yasiguswe. Tukamwambia yeye si mhasibu, akacheka, akakubali. Kama darasa lenu limechanganya kozi tofauti, kila kozi ilete swali lake.

Kuna maombi mengine mazuri nitayapitia haraka. Kwenye semina, mtu aruhusiwe kuuliza swali kwa Kiswahili kisha asaidiwe kulisema kwa Kiingereza, badala ya kunyamaza. Wanafunzi wa mwaka wa tatu waombwe kuongoza vikundi vidogo. Mwalimu wa somo kuu na wa Kiingereza wakubaliane angalau orodha ya yale maneno yanayoanza maswali ya mtihani. Hili la mwisho ni gumu kuliko linavyoonekana, maofisi yao yako majengo tofauti na hawajuani hata kwa sura.

Ombi moja nakushauri ulikatae hata likiletwa na uongozi: kuwatenga waliofanya vibaya kwenye jaribio la mwanzo, wasome Kiingereza kitupu muhula mzima kabla ya kuungana na wenzao. Vyuo vya jamii vya Marekani, vile vya miaka miwili, vilikaa na mtindo huo miaka mingi, kozi mbili hata tatu za maandalizi zisizohesabiwa kwenye shahada, na wanafunzi wengi wakawa wanapotea njiani kabla hawajafika kwenye kozi yenyewe. Chuo cha jamii cha Baltimore County huko Maryland kilianza mwaka 2007 kuwaingiza moja kwa moja kwenye kozi ya kawaida, wakiongezewa kipindi cha msaada na mwalimu yuleyule. California ikapitisha sheria mwaka 2017, ijulikanayo kama AB 705, inayovitaka vyuo vya jamii vitazame rekodi ya sekondari wakati wa kuwapanga wanafunzi. Mkiulizwa mnataka nini badala ya kutengwa, jibuni: kipindi kimoja cha ziada kwa wiki, kilichofungamana na somo lilelile.

Hatua ya saba: barua ya ukurasa mmoja, na kwenda kuonana naye

Nendeni wiki ya nne mpaka ya sita. Kabla ya hapo mwalimu atasema subirini somo lishike kasi, baada ya hapo atasema ratiba imeshafungwa. Ile fomu ya tathmini mnayojaza mwisho wa muhula ijazeni, lakini itawafaa wadogo zenu, nyinyi mtakuwa mmeshafanya mtihani.

Anzeni na mwalimu mwenyewe. Kwenda kwa mkuu wa idara kabla yake ni kumsemea, na hata akilazimishwa kubadilika atabadilika kwa kinyongo. Nendeni watatu, kikosi cha wanane kinaonekana kama mgomo. Mmoja wenu awe ni mtu aliyekwama kweli, si CR peke yake. Siku ya kwanza msiende na barua, nendeni kuomba miadi: "Shikamoo Mwalimu. Tunaomba dakika ishirini za muda wako wiki hii, tuna jambo kuhusu somo, tumeliandaa." Neno "tumeliandaa" lisikike.

Barua iandikeni kwa lugha ambayo ofisi yenu imezoea kupokea, mazungumzo yawe kwa Kiswahili. Yetu ilikuwa hivi, nimeondoa tu vitambulisho:

*Mwalimu, tunashukuru kwa kazi unayofanya na darasa kubwa kama letu. Tumezungumza na wenzetu ishirini kuhusu mahali wanapokwama kwa sababu ya Kiingereza. Tumeambatanisha ukurasa mmoja wa kitini uliopigiwa mstari na orodha ya makosa matano yanayojirudia kwenye kazi zetu. Tunaomba mambo mawili: nusu ukurasa wa kuandika kila wiki, usomwe kwa zamu watu thelathini, na asaimenti ya pili itokane na maswali ya masomo yetu. Kwa upande wetu tumekubaliana kikundi kisizidi watu wanne na kila mmoja asaini sehemu aliyoandika.*

Imekwisha. Kile kisa cha debiti na krediti hatukukiandika, tulimwacha mwenyewe akisimulie pale ofisini. Mwalimu alicheka mpaka akatoa leso, halafu akauchukua ule ukurasa uliopigiwa mstari, akausoma polepole, akauliza, "Hili neno nalo hamlijui?" Lilikuwa "whereas". Tukasema hatulijui, Mwalimu. Akaandika kitu pembeni kwa penseli.

Akikataa, msibishane. Muulizeni ni lipi kati ya hayo mawili lingewezekana kwa wiki mbili tu, kama jaribio. Akikataa hata hilo, ndipo mnamwendea mkuu wa idara, na mwalimu mumwambie kabla kwamba mnakwenda.

Hatua ya nane: baada ya kukubaliwa

Siku hiyohiyo waandikie wenzako kwenye kundi la WhatsApp mlichoomba, mlichopata na mlichokosa. Wale ishirini uliowahoji waambiwe wa kwanza.

Wiki tatu baadaye rudia kipimo cha ukurasa mmoja na watu walewale, ukurasa mwingine wa kitini kilekile. Usitegemee miujiza. Mimi nilishuka kutoka 23 mpaka 17, na mmoja wetu alipanda, kwa sababu safari hii alikuwa mkweli. Mpelekee mwalimu matokeo yote, mazuri na mabaya, kabla hajayauliza.

Mwisho wa muhula weka kila kitu kwenye bahasha moja: ukurasa uliopigiwa mstari, orodha ya makosa, kopi ya barua, na maswali ya vimbweta. Mkabidhi CR wa mwaka wa kwanza anayeingia, wiki ya kwanza, kabla hajaitisha mkutano. Mwalimu akibadilishwa katikati, kama ilivyotokea kwa waliotufuata, wasianze upya kuhoji watu. Wapeleke bahasha kwa mwalimu mpya na waanzie hatua ya saba.